Mwaka Mmoja Zaidi, na Jembe Mkononi

Somo: Luka 13:6–9

Tumo katika kipupwe. Upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, manyunyu ya mchoo yanakuja na kuondoka, na katika mashamba ya Ganda, Jilore na Magarini miembe haina cha kumvutia mnunuzi. Malori ya madalali yaliyokuwa yakipishana Desemba na Januari hayaonekani. Mpita njia huona majani tu, akasema shamba limelala.

Mwenye shamba hasemi hivyo. Familia yenye miembe michache haina uwezo wa kuajiri vibarua, basi kazi ni yao wenyewe. Baba yuko juu na msumeno, anaondoa matawi makavu na yale yaliyosongamana katikati, ili jua na hewa vipenye. Mama na watoto wanafagia chini ya mti, maana fukusi wa kokwa hujificha wakati huu kwenye magome na takataka za shinani, akingoja maembe machanga ayatagie mayai. Maembe yaliyooza yanafukiwa kwenye shimo la kina, yasije yakalea nzi wa matunda. Mdudu huyo mgeni aligunduliwa pwani yetu mwaka 2003. Kwa sababu yake Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo haikurudi hadi 2021.

Kisha inakuja samadi ya mbuzi. Hairundikwi shinani. Huchimbwa mfereji wa kina kifupi kuuzunguka mti, pale kivuli cha matawi kinapoishia, kwa kuwa mizizi inayolisha mti imeenea hadi huko. Ni kazi ya kuumiza mgongo, na anayeifanya halipwi hata shilingi leo.

Katika somo letu, mtu alikuwa na mtini shambani mwake. Miaka 3 alikuja kutafuta matunda, asipate, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja. Wengi wetu tukisoma mfano huu huishia hapo, kwenye muda ulioombwa. Tutazame basi ahadi ya mtunza shamba. Hakusema wangoje waone. Alisema yeye mwenyewe ataupalilia na kuutia samadi. Aliyeomba muda ndiye aliyeshika jembe.

Nyumbani kwetu wapo watu tuliowaombea mwaka mmoja: kijana aliyeacha shule na sasa anashinda ufuoni, mume asiyetoka mangweni, dada aliyesusa kanisa tangu mgogoro wa urithi. Twasema tumemwachia Mungu, kumbe tumemwacha tu mtu wetu. Hatujakanyaga kwake. Hatujamuuliza kwa upole ni nini kilichomkausha. Hatujamtafutia fundi wa kumfunza kazi, wala hatujakaa naye tukasikiliza hasira yake hadi ikaisha. Maombi yasiyotutoa kitini hayajafika bado kwenye sala ya mtunza shamba yule.

Wala mfano haufichi kwamba mwaka una mwisho. Mtunza shamba alikubali kwamba mti usipozaa, utakatwa. Subira ya Mungu si ruhusa ya kulala, kwa mti wala kwa mtunzaji. Nasi tukumbuke kwamba sote tumewahi kuwa mti ule. Yupo mzazi, mwalimu au jirani aliyekuja na jembe wakati ambapo hatukuwa na tunda la kumlipa, na nyuma yake alikuwapo Kristo, aliyetuombea na kututumikia hadi msalabani.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja amchague mtu mmoja aliyekuwa akimwombea tu, aende kwake. Asiende kuhesabu matunda. Aende kuuliza pa kuanzia kazi. Maua ya miembe hayako mbali, na kupalilia kuna majira yake. Nenda wiki hii.