Fimbo Iliyo Mkononi

Wahenga wetu walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni methali ambayo kila mtoto wa pwani huisikia kabla hajajua maana yake, na tukishakua huitumia kwa mambo yasiyohusu nyoka wala fimbo: jirani wa mlango wa pili hutufaa penye shida kuliko ndugu aliye ng'ambo. Mimi nami nimeitumia hivyo umri wangu wote. Sikutazamia kwamba siku moja ningeulizwa swali ambalo methali hiyo ingelijibu kwa maana yake ya dhahiri kabisa, na kwamba jibu hilo lingeninyima usingizi.

Aliyeniuliza ni kijana wa dada yangu. Amekaa Marekani miaka mingi, amechukua uraia wa huko, na sasa ni muuguzi mjini Tucson, katika jimbo la Arizona. Zamu yake ni ya jioni. Hutoka kazini saa sita ya usiku, akavuka uwanja wa magari peke yake. Mwenzake mmoja aliporwa katika uwanja huo. Siku za mapumziko hupanda milima ya Santa Catalina iliyo kaskazini mwa mji, ambako kuna dubu weusi, na chui wa milimani, na yule nyoka wa njuga anayetikisa mkia.

"Shikamoo, mjomba," aliniambia kwa simu. "Nataka kununua bastola. Nataka moja tu, initoshe kwa yote: niwe nayo kiunoni nikitoka kazini, niende nayo mlimani, na nikipata nafasi nikalenge nayo shabaha. Bei na aina nimeshauliza dukani. Ninalokuuliza wewe ni jengine. Unaonaje?"

Ulimi ulinitangulia, nikataka kumkataza hapo hapo. Nikajizuia. Mtu wa kisiwani, ambaye bastola ameiona kiunoni mwa askari na katika filamu tu, ana haki gani ya kuhukumu asilolijua? Arizona si Unguja. Tangu mwaka 2010 sheria ya jimbo hilo inamruhusu mtu mzima aliyetimiza miaka 21, asiyekatazwa kumiliki silaha, kubeba bastola chini ya nguo bila ya kuomba kibali. Anachokiuliza kijana wetu, huko aliko, ni jambo la kawaida kama kuuliza mwavuli. Basi nikamwomba anieleze kwanza chombo chenyewe, kisha anipe siku chache za kufikiri. Haya ndiyo niliyoyafikiri.

Chombo anachokitaka ni rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ambayo Samuel Colt aliipatia hataza ya Marekani mwaka 1836. Silinda hiyo aghalabu ina matundu matano au sita, kila tundu na risasi yake. Polisi wengi wa Marekani waliiacha katika miaka ya 1980 na 1990 wakashika bastola za magazini, ambazo hubeba risasi nyingi zaidi. Hata hivyo rivolva haikufa, kwa sababu ina fadhila zake. Risasi moja ikigoma, ukivuta kifyatulio mara ya pili tundu jengine huja mbele ya mtutu. Tena hupokea risasi kali na risasi pole bila ya kununa.

Katika fadhila hiyo ya mwisho ndimo kijana alimoweka matumaini yake. Rivolva iliyotengenezewa risasi ya .357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935, hupokea pia risasi ya .38 Special, ambayo ni kongwe zaidi na haina ukali huo. Hii ya pili ni fupi kwa takriban milimita tatu. Kwa hivyo huingia katika tundu la ile kali, ilhali ile kali haiingii katika tundu lake. Mtu mmoja, silaha moja: risasi pole kwa shabaha, risasi kali kwa mlima.

Lakini mtaka yote hukosa yote, na wauzaji wa bastola nao wanalijua hilo japo hawaisemi methali yetu. Rivolva yenye mtutu wa inchi mbili, ya madini mepesi, huwa na uzito wa kiasi cha gramu 450. Hufichika vyema chini ya shati, lakini ikipewa risasi kali humpiga mwenyewe mkononi hata asitamani kufanya nayo mazoezi. Yenye mtutu wa inchi sita hutulia mkononi na hulenga barabara, ila haifichiki. Basi huchaguliwa ya kati na kati: chuma kitupu, mtutu wa inchi tatu au nne, uzito unaokaribia kilo moja. Si bora mlimani, si bora mjini, si bora kwa shabaha. Ila haishindwi kabisa popote. Muuzaji alimwambia kwamba bastola njema ni ile ambayo hutaiacha nyumbani. "Ndiyo methali yetu hiyo, mjomba," kijana akasema, akacheka. "Fimbo iliyo mkononi ndiyo iuayo nyoka."

Sikucheka, kwani aliloliona ni kweli. Hoja ya anayebeba silaha si hoja ya mwendawazimu. Shari haitoi taarifa. Polisi, hata wawe wema, hufika baada ya jambo kutokea. Mtu dhaifu akikabiliwa na wenye nguvu watatu, kumwambia aonyeshe subira ni kumtoa kafara kwa ajili ya usafi wa mikono yetu sisi tuliokaa barazani. Kuilinda nafsi ni haki ambayo sheria karibu zote zinaikubali. Lau kijana angeniuliza kama inafaa kujikinga pale shari inapomfika, ningemjibu ndiyo wala nisingeandika makala.

Hilo silo aliloliuliza. Yeye aliuliza kuhusu chombo kimoja cha kufaa kwa yote, na katika neno hilo "yote" ndimo ninamoiona shida.

Tuyatazame matumizi yake matatu. Uwanjani pa shabaha kinacholengwa ni karatasi. Hapo pana ustadi, pumzi iliyotulia, na furaha ya mtu kuishinda mikono yake mwenyewe. Sioni dhambi yake zaidi ya mchezo wa upinde. Mlimani kinacholengwa ni mnyama, ambaye hana nia mbaya, ana njaa au woga. Huko bastola wala si dawa ya kwanza. Utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza ilimzuia dubu wa kahawia mara 92 katika kila mara 100 ilipotumiwa, naye ni mkubwa na mkali kuliko dubu mweusi wa Arizona. Na nyoka wa njuga, hatua chache za kurudi nyuma humtosha. Mjini kinacholengwa ni mtu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, walisema wahenga. Walijua kwamba mkono uliozoea kuutupia nguruwe mkuki haubadiliki kwa kubadilika anayelengwa. Mambo haya matatu hayafanani hata kidogo, lakini chombo kimoja huyafunga pamoja, na mtu aliyekinunua kwa sababu ya karatasi na dubu hujikuta amekwisha kulikubali la tatu bila ya kuulizwa.

Kisha kuna jambo zito zaidi. Mwanzoni mwa kitabu cha Plato kiitwacho *Jamhuri*, Sokrates anauliza: rafiki yako alikuwekea silaha akiwa na akili timamu, kisha akaja kuidai akiwa amerukwa na akili, je, ni haki kumrudishia? Wote waliokuwapo wanakubali kwamba si haki, ingawa mali ni yake. Nimelisoma swali hilo mara nyingi nikidhani linahusu watu wawili. Sasa naona linaweza kumhusu mmoja.

Maana anayejifunga silaha asubuhi ni mtu mtulivu. Amekunywa chai, ameswali, amefikiri. Lakini silaha ile haibebi yeye peke yake. Anawaazima wote atakaokuwa siku hiyo mpaka usiku: yule atakayetukanwa barabarani, yule atakayechoka hata asitambue kivuli na mtu, yule atakayepokea habari mbaya kwa simu, yule atakayerudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kila mmoja wao atainyoosha mkono na kuikuta pale pale. Mtulivu wa asubuhi amewapa dhamana ambayo, lau wangekuwa watu wengine, asingewapa.

Hayo si mawazo matupu. Mwaka 2021 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa silaha za moto nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamejiua wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia watu wazima wapatao milioni 26 wa jimbo la California, uliona kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi kiasi cha mara nane kuliko wanaume wasio nazo. Haina maana kwamba bastola huleta huzuni. Huzuni humpitia kila mtu, na aghalabu hupita. Ila yenye fimbo mkononi haingoji ipite. Nyoka anayeuawa mara nyingi zaidi ni mwenye fimbo.

Nikakumbuka namna wazee wetu walivyobeba silaha, maana nao walibeba. Jambia lilivaliwa tumboni mbele, katika ala ya fedha, hadharani, siku ya arusi na siku ya heshima. Oman mpaka leo limo katika bendera ya nchi. Bakora ilishikwa na mzee kila siku, lakini ilikuwa ya kuegemea kabla ya kuwa ya kupigia. Sisemi kwamba wazee hao walikuwa malaika. Majambia yalimwaga damu, na historia ya visiwa hivi tunaijua. Nasema tu kwamba silaha yao ilionekana. Aliyekutana nawe alijua unacho nini, na wewe ulijua kwamba anajua, na macho yale ya watu yalikuwa sehemu ya ala. Hata nyoka wa njuga aghalabu hutikisa mkia kwanza. Bastola ya chini ya shati haimtahadharishi mtu. Aliyeibeba hukaa peke yake na siri yake, na katika kila mazungumzo kuna jambo moja ambalo yeye analijua na mwenzake halijui.

Msomaji ataniuliza: na ile saa moja je? Ile saa ambayo wale watatu watamzingira kijana wetu penye giza, naye hana kitu, kwa sababu mjomba wake alisoma Plato? Sina jibu la kuifuta saa hiyo. Ikifika, hoja zangu zote hazitamfaa kitu, na nitakuwa nimeshiriki katika madhara yake. Anayemshauri mwenziwe asibebe silaha hana budi kuukubali mzigo huo waziwazi, kama anayemshauri abebe anavyopaswa kuukubali ule mwingine. Tofauti ninayoiona ni hii: saa ile ya giza huenda isije kamwe, lakini saa za hasira, za uchovu na za huzuni huja kwa kila mtu, na huja nyingi.

Katika maelezo ya kijana lilikuwamo jambo moja dogo lililonikaa moyoni kuliko yote. Rivolva za kale, kama ile ya Colt ya mwaka 1873 iliyobandikwa jina la Mleta Amani, zilikuwa na matundu sita, lakini mwenye busara alitia risasi tano. Tundu lililokuwa chini ya nyundo aliliacha tupu, kwa sababu silaha ikianguka au ikigongwa ingeweza kujifyatua. Baadaye mafundi walibuni kizuizi cha ndani, zikaenea rivolva zinazobebwa zimejaa bila ya khofu hiyo. Chombo kimepata usalama wake. Mbebaji bado hajatengenezewa kizuizi cha namna hiyo, na kwa hivyo nadhani ile desturi ya zamani bado inamhusu: aliache tupu tundu moja la maisha yake. Pawe na saa, na nyumba, na hali za moyo, ambazo silaha haifiki. Chombo kinachofaa kwa yote ndicho kisichoacha tundu hilo.

Nilipompigia tena sikumsomea haya. Nilimuuliza swali moja: "Katika usiku wako wote, mwanangu, ni upi unaouogopa zaidi?" Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Si ule wa uwanja wa magari, mjomba." Alikuwa ameachana na mkewe mwaka uliopita, na mimi nilikuwa nikilijua hilo kama habari tu ya ukoo.

Hajanunua. Wala hakuniahidi kwamba hatonunua; ni mtu mzima, na nchi ni yake. Amepatana na wenzake wawili wa zamu watoke pamoja mpaka kwenye magari. Mlimani huenda na dawa ya pilipili na fimbo ya kutembelea. Kwenye uwanja wa shabaha hukodi bastola, akalenga, akairudisha.

Tucson na Unguja zimeachana kwa saa kumi. Akitoka kazini saa sita ya usiku, hapa ni saa nne asubuhi, na saa hiyo siku hizi simu yangu iko mkononi. Najua methali inanisema mimi: fimbo ya mbali haiui nyoka. Humpigia hivyo hivyo, tukazungumza mpaka afungue mlango wake na kuwasha taa.