Baraza na Merikebu ya Pili

Uhuru wa kusema ni kitu chema, lakini wema wake hukamilishwa na masikio. Katika Athens ya kale raia walikutana juu ya kilima cha Pnyx, na mpiga mbiu aliuliza nani ataka kusema. Mwaka wa 428 K.K. mji wa Mytilene uliiasi Athens, ukashindwa mwaka wa 427 K.K. Kwa hasira baraza liliamuru wanaume wake wote wauawe, na merikebu ikapelekwa na amri hiyo.

Kesho yake raia walijuta, wakakutana tena. Cleon alishikilia adhabu. Diodotus alitetea busara. Kura zilikaribiana sana, lakini Diodotus alishinda. Merikebu ya pili ilivutwa kwa makasia usiku na mchana, ikawahi. Viongozi wa uasi waliuawa, lakini umma uliokoka.

Baraza hilo lilikuwa na kasoro: wanawake na watumwa hawakuwa na sauti ndani yake. Wala wingi wa watu si dhamana ya haki; mwaka wa 399 K.K. mahakama ya raia ilimhukumu Socrates kufa. Basi sifa ya baraza si kutokosea, bali ni kuruhusu kosa litajwe mbele ya wote, lirekebishwe. Mtu asiyesikiliza neno la mpinzani wake huizuia bandarini merikebu yake ya pili.