Mwenye Vyombo, Je, Ana Ibada?

Mtu akitoka sokoni na jembe jipya begani, je, amekwisha kulima? Mtoto mdogo atajibu kwamba bado. Jembe ni jembe, na shamba lingali na nyasi. Lakini jambo hilo lililo wazi shambani huwa giza linapofika mahali pa sala. Hapo hata watu wenye akili hudhani kwamba aliyekwisha kupata vyombo vya ibada amekwisha kuipata ibada yenyewe. Jambo hili litazamwe kwanza kwa watu wa mbali, kwa maana jicho la mwanadamu huona upesi kijiti kilichomo katika jicho la jirani.

Huko Uingereza na Marekani wako watu, wengi wao watoto na wajukuu wa Wakristu, waliochagua kuheshimu jua na mwezi, majira ya mwaka, na miungu iliyoabudiwa Ulaya kabla ya Evanjili kufika. Hujiita wapagani, wala jina hilo si tusi kwao. Wamelitwaa kwa hiari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, katika Uingereza na Wales, watu wapata 74,000 waliandika kwamba wao ni wapagani, na wengine wapata 13,000 waliandika jina la Wika, dini ya kipagani iliyo mashuhuri sana katika nchi hizo. Hawana makanisa makubwa. Wengi wao huabudu katika vikundi vidogo, au kila mtu peke yake chumbani mwake.

Wako miongoni mwao wanaojiita hata wachawi. Msomaji asishtuke. Kwao neno hilo lina maana ya mtu ajuaye mimea, majira na maneno ya kuombea, na amri yao ya kwanza ni kutomdhuru mtu yeyote. Kumhukumu mwenzako kwa jina tu ni ushuhuda wa uongo, na huku Kongo ushuhuda huo umetoa machozi mengi: watoto wamefukuzwa kwao kwa kuitwa wachawi, hata sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikaweka adhabu kwa yeyote anayemsingizia mtoto uchawi. Basi jina na liachwe hapo. Kinachotafutwa hapa ni vyombo vyao.

Mtu aliyeieneza Wika ni Gerald Gardner, aliyezaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool. Alifanya kazi miaka mingi katika Asia, katika mashamba ya chai na ya mpira, kisha katika forodha huko Malaya. Huko alishikwa na tamaa ya kukusanya silaha za wenyeji, hasa kile kisu chao chenye makali yaliyopindapinda kama nyoka, kiitwacho keris. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kizima juu ya visu hivyo. Basi mtu huyu alikuwa mkusanyaji wa vyombo kabla ya kuwa mwalimu wa dini. Alirudi Uingereza, na mwaka 1951 Serikali ya huko ilipoifuta sheria ya uchawi ya mwaka 1735, njia ilifunguka. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake *Witchcraft Today*, akidai kwamba dini ya kale ya Ulaya haikufa, bali ilifichwa na watu wachache. Wataalamu wa historia, kama Ronald Hutton katika kitabu chake cha mwaka 1999, wameonyesha kwamba dini hiyo kwa kweli ni mpya, iliyoshonwa katika karne ya 20 kwa vipande vya nguo nyingi.

Vyombo vyake ni hivi. Cha kwanza ni kisu chenye mpini mweusi, kiitwacho athame. Hakikati nyama wala kamba. Kazi yake ni kuchora duara la ibada hewani. Kwa kukata majani na uzi kuna kisu kingine, chenye mpini mweupe. Tena kuna fimbo, kikombe, chetezo cha ubani, sahani iliyochorwa nyota ya pembe tano, chumvi na maji, kamba, wakati mwingine na upanga. Mwisho kuna kitabu cha maneno ya ibada, kiitwacho Kitabu cha Vivuli. Vitabu vya zamani vya uganga wa Ulaya huagiza hata kwamba chombo cha namna hiyo kinunuliwe bila kubishana bei: muuzaji ataje, mnunuzi alipe. Akina mama wa sokoni wangefurahi sana kupata wateja wa dini hiyo!

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Katika desturi ya Gardner, mtu hakuweza kujiingiza mwenyewe. Ilimpasa kupokelewa na mwingine aliyetangulia, mwanamume na mwanamke, mwanamke na mwanamume. Wala Kitabu cha Vivuli hakikununuliwa. Mwanafunzi alikinakili kwa mkono wake kutoka kitabu cha aliyempokea, ukurasa kwa ukurasa. Bibi mmoja, Doreen Valiente, aliyepokelewa mwaka 1953, alitambua kwamba maneno mengi ya kitabu hicho yalichukuliwa katika vitabu vya watu wengine. Alimwambia Gardner neno hilo waziwazi, na Gardner akamjibu aandike vizuri zaidi kama aweza. Naye aliandika. Hata katika dini isiyo ya Kristu, basi, mkono ulijifunza kwa mkono, na mtu aliweza kusahihishwa na mwenzake usoni.

Kisha mambo yaligeuka. Si kila mtu alikuwa na kikundi karibu naye. Kijana wa mji mdogo wa Marekani, asiye na mwenzake wa kuongea naye habari hizo, angempata wapi wa kumpokea? Mwaka 1988 Scott Cunningham alitoa kitabu kwa ajili ya watu wa namna hiyo, cha kumfundisha mtu kushika Wika peke yake, hata kujiingiza mwenyewe bila mkono wa mwingine. Mwandishi huyo hakuwa mdanganyifu. Alifundisha kwamba vyombo havina nguvu ila ile anayovipa mwenye kuvitumia. Lakini tangu mlango huo ufunguliwe, mwalimu wa wengi amekuwa duka. Kijana hununua kitabu kimoja, na kitabu hicho kinamtajia vingine vitatu. Hupata kisu, kisha aona kisu kizuri zaidi. Rafu inajaa. Mishumaa ya rangi zote imepangwa, mawe yamepangwa, majani makavu yamo katika chupa zenye majina. Na mwezi mpevu, ambao kwa ajili yake vitu vyote hivyo vilikusanywa, unapita juu ya nyumba bila mtu kutoka nje kuutazama.

Je, kijana huyo atachekwa? Hapana. Mwanzo wa kukusanya kwake ni mwema. Mama anayengojea mgeni hufagia ua, huazima kiti, huosha sahani ambayo hailiwi kila siku. Hayo yote ni lugha ya heshima. Mtu anayemtafutia Mungu kikombe kizuri amekwisha kukiri kwamba yuko Mmoja anayestahili kikombe kizuri. Nafsi yake ina njaa ya kweli, na wengi walioketi kanisani tangu utoto hawaijui tena njaa ya namna hiyo.

Ubaya huanza pale maandalio yanapokuwa matamu kuliko mgeni. Sababu yake si ngumu kuijua. Kununua kuna mwisho: fedha imetoka, kitu kimeingia, moyo umetulia. Kusali hakuna mwisho wa namna hiyo. Mtu hupiga magoti, huomba, na pengine hasikii kitu; kesho hurudi, na pengine tena hasikii kitu. Nani asiyependa kwenda sokoni kuliko kukaa katika kimya hicho? Tena kuna sababu iliyofichika zaidi. Anayenunua ni bwana. Yeye huchagua kisu gani, kitabu gani, mungu gani, na kipi kirudishwe dukani kama hakipendezi. Lakini anayeabudu si bwana tena. Basi mkusanyaji aweza kuzungukwa na vyombo vya unyenyekevu miaka mingi bila kunyenyekea hata siku moja.

Huku Kongo wazee walijua jambo fulani juu ya vyombo, ingawa dini yao haikuwa ya Kristu. Katika nchi ya Boma, karibu na mdomo wa mto, palikuwa na sanamu za mti ziitwazo nkisi, zenye misumari na vyuma vingi mwilini. Chuma hakikupigwa kwa urembo. Watu walipoapa, au walipopatana baada ya ugomvi, chuma kilipigomelewa mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo neno lao lilikaa pale. Sanamu ya namna hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Ilibeba maneno ya vijiji. Mwaka 1878 mfanyabiashara Mbelgiji, Alexandre Delcommune, aliitwaa kwa nguvu sanamu ya mkubwa Ne Kuko. Mwenyewe aliomba arudishiwe, akakataliwa. Leo imo katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Wageni huitazama na kusifu ufundi wake. Misumari yote ipo, lakini huko hakuna mtu hata mmoja ajuaye msumari upi ni kiapo cha nani.

Mtu atauliza: je, padri naye hana kikombe, chetezo, mishumaa na kitabu? Anavyo. Lakini kikombe si chake. Siku askofu anapompeleka misioni nyingine, padri hufunga nguo zake, na kikombe hubaki altareni kumngoja mwenzake. Tena hakuna Mkristu aliyejibatiza. Mwaka 1206 Papa Inosenti III aliulizwa habari ya Myahudi mmoja aliyeogopa kufa bila Ubatizo, naye, akiwa kati ya Wayahudi tu, alijitumbukiza majini mwenyewe huku akitamka maneno yote yanayotakiwa. Papa alisifu imani yake, lakini alijibu kwamba huo si Ubatizo: anayebatiza na anayebatizwa ni watu wawili, kwa kuwa hata Bwana Yesu alikubali kubatizwa kwa mkono wa Yohana. Maji hayakupungua, maneno hayakupungua. Mkono wa mwingine ndio uliokosekana.

Wala katekumeni asijisifu upesi. Yupo anayevua hirizi shingoni leo, na kesho pale pale anavaa medali tatu, rozari mbili na skapulari, na chini ya mto wake analaza misale ya Kifaransa asiyoweza kuisoma. Ukimwuliza kwa nini, husema ni kwa ajili ya kulinda nyumba. Medali ni kitu chema, na Kanisa huibariki. Lakini baraka hiyo ni sala ya Kanisa inayomwomba Mungu, si dawa iliyofichwa ndani ya madini. Na mtu huyo huyo hajasema na ndugu yake tangu wagombane juu ya deni la mbuzi. Njia ya kwenda kwa ndugu yake ni fupi kuliko njia ya kwenda misioni kununua medali ya nne, lakini ndiyo njia asiyoiweza.

Gardner alifariki mwaka 1964. Alikuwa na nyumba ya makumbusho huko Castletown, katika kisiwa cha Man, iliyojaa visu, vikombe, hirizi na vitabu alivyokusanya maisha yake yote. Mwaka 1973 mrithi wake aliviuza kwa kampuni ya Marekani inayoonyesha vitu vya ajabu kwa kiingilio. Vikavuka bahari, vikapangwa pamoja na maajabu mengine, na baadaye vingi vikauzwa tena na kutawanyika.

Katika kitabu cha Waamuzi kuna habari ya mtu wa milima ya Efraimu, jina lake Mika, naye alikuwa mkusanyaji wa namna hiyo. Mama yake alimpa mfua fedha vipande 200, sanamu ikatengenezwa. Mika akawa na nyumba ya miungu. Akafanya efodi na vinyago vya nyumbani, akamweka mwanawe kuwa kuhani. Baadaye akapita kijana Mlawi akitafuta kazi, Mika akamwajiri kwa fedha kumi kwa mwaka, pamoja na nguo na chakula, akafurahi sana: sasa hakikupungua kitu. Kisha wakaja watu 600 wa kabila la Dan wenye silaha, wakachukua sanamu, efodi na vinyago. Na yule Mlawi, alipoahidiwa kazi kubwa zaidi, akafuatana nao kwa furaha. Mika akaita majirani, akawakimbilia njiani akilia kwamba wamechukua miungu aliyoifanya, na kuhani pia, naye amebaki na nini? Wakamwambia anyamaze, wasije watu wenye hasira wakamwua. Akaona kwamba wana nguvu kumshinda, akageuka, akarudi kwake. Maandiko hayasemi kama jioni ile, katika nyumba isiyo na kitu, alisali.