Aliyepo Hayumo, Aliyemo Hayupo

Kuna watoto wawili wanaovuruga hesabu za shule nchini Kenya. Wa kwanza hana mwili. Ana jina, ana darasa, ana nambari, na kila muhula serikali inamtumia pesa, lakini hakuna dawati aliloketi wala kiatu alichokichakaza. Huyo tunamwita mwanafunzi hewa. Wa pili ana mwili kamili. Anafika shuleni asubuhi miguu imelowa umande, anaitika jina lake likiitwa, anapanga foleni ya uji na wenzake. Ila kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu hayumo, kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa. Huyu wa pili hata hatujampa jina.

Wa kwanza ameandikwa sana magazetini. Mwaka 2025 Wizara ilituma watu kuhakiki idadi ya wanafunzi shule kwa shule, ikatangaza kwamba majina hewa ni maelfu kwa maelfu. Sote tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini mimi ananisumbua huyu wa pili, na kadiri ninavyowafikiria naona kesi yao ni moja.

Tuanze na pesa yenyewe. Tangu Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi, kila mtoto ana fungu lake. Walimu wakuu wanaliita kapitesheni. Leo mtoto wa shule ya msingi anahesabiwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawanya kwa siku kama 190 za masomo, unapata chini ya shilingi nane kwa siku. Hiyo hainunui hata mandazi. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa aliahidiwa shilingi 22,244 kwa mwaka kuanzia 2018. Pesa inagawanywa kwa mihula mitatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Hayo ni ya kwenye karatasi. Uliza mkuu wa shule yeyote pesa ya muhula huu ilifika lini, utaona anavyocheka.

Ili fungu litoke, mtoto lazima awe kwenye mfumo wa kompyuta wa Wizara: kwanza NEMIS, ulioanzishwa mwaka 2017, kisha KEMIS, ambao Wizara iliuleta uchukue nafasi yake. Na ili aingie humo, anahitaji nambari ya cheti cha kuzaliwa. Nia ilikuwa njema. Zamani mwalimu mkuu aliandika idadi anayoitaka, na nani angepanda milima kwenda kuhesabu vichwa? Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walishasema. Basi serikali ikaleta daftari.

Sasa njoo Kipkelion. Reli ya zamani ilipita hapa, na wakoloni waliita stesheni Lumbwa. Kipkelion leo ni maeneobunge mawili ya Kaunti ya Kericho, Mashariki na Magharibi, yenye chai kule juu, kahawa na mahindi ukishuka, na shule zilizokaa juu ya matuta ambako mvua ikinyesha hata bodaboda anakuambia, "Hapa utashuka." Watoto wengi huku wanalelewa na bibi zao, mama akiwa Nairobi, Nakuru au kwenye mashamba makubwa ya chai. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, ambaye miezi sita ilipita bila kuandikishwa, anahesabiwa kuwa amechelewa. Hapo safari ya kwa chifu, kwa ofisi ya usajili, na ya kutafuta kitambulisho cha mama asiyeshika simu inaanza. Bibi anayelipwa kwa siku hawezi kupoteza siku nne kwa karatasi moja. Mtoto anaenda shule hivyo hivyo, na mwalimu gani atamfukuza?

Rafiki yangu anayefundisha huku aliniuliza swali ambalo sijaweza kuliweka chini. Alisema: tuseme shule ina watoto 300. Kwenye mfumo wamo 260. Arubaini wako darasani lakini hawaonekani. Pesa inakuja ya 260, na chaki, vitabu, maji na mshahara wa mlinzi vinaliwa na 300. Sasa mwalimu mkuu ana majina ya watoto 40 waliohama mwaka jana, ambao bado hawajatolewa kwenye mfumo. Akiwaacha tu, bila kuandika uongo wowote mpya, hesabu inakuwa sawa. Vichwa 300, mafungu 300. "Huyo ni mwizi?" akauliza.

Nililipeleka swali hilo kwa marafiki zangu wa Nairobi, na wengi hawakusita. Mwizi wapi, bana? Huyo ni shujaa. Mfumo ndio umeharibika, yeye anautengeneza kwa mkono. Pesa haikuingia mfukoni mwake, imeingia kwa watoto. Na kusema kweli, jibu hilo lina nguvu. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na mstari unaofuata unampa haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hizo mbili zimepangwa jirani. Sasa serikali inashindwa kumpa mtoto ya kwanza, halafu inatumia upungufu wake yenyewe kumnyima ya pili. Mtu akiona hayo na akakaa kimya, utamsifu kwa uaminifu gani?

Hata hivyo siwezi kumwita shujaa. Sababu si kwamba sheria ni sheria. Tuseme mwalimu huyu ni mtakatifu, hata kalamu ya shule hajawahi kwenda nayo nyumbani. Bado kuna jambo ambalo yeye kutoka tuta lake halioni. Bajeti ya kapitesheni haipandi yenyewe kwa sababu majina yameongezeka. Bunge hupitisha kiasi fulani, na kiasi hicho hugawanywa kwa majina yaliyomo. Kila jina hewa linaloongezwa hapa linapunguza, kidogo sana, fungu la mtoto wa kule Londiani, Turkana, Kwale. Wale watoto 40 waliohama hawamtoi pesa waziri. Wanaitoa kwa watoto wengine maskini ambao mwalimu wao labda ameandika ukweli. Mwaminifu ndiye anayelipia. Na mwalimu wa Londiani akijua hivyo, naye atafanya nini? Atawaacha wake 40 waliohama. Baada ya miaka mitano hakuna anayejua Kenya ina wanafunzi wangapi, na yule mtoto asiye na cheti, ambaye uongo huu ulianza kwa ajili yake, amezidi kupotea. Kwenye hesabu kila kitu ni sawa: vichwa 300, mafungu 300. Nani tena atauliza kwa nini watoto 40 hawana vyeti?

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa. Uongo wenye huruma unaziba pengo, na pengo ndilo lilikuwa ushahidi pekee wa mtoto huyo.

Lakini nikisema hivyo na kunyamaza, nitakuwa nimemfunga pingu mtu wa chini kabisa kwenye ngazi. Wacha tupande juu kidogo. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu zile shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari; kinachotoka ni karibu shilingi 16,900. Chukua shule ya kutwa yenye wanafunzi 300. Pengo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kwa mwaka. Wale watoto 40 wa rafiki yangu, kwa shilingi 1,420 kila mmoja, ni shilingi 56,800.

Utaniambia kukosa pesa si wizi, na nitakubali. Ila tazama kilichofanyika. Mzazi aliambiwa asilipe, mkuu wa shule akaambiwa asitoze, na aliyetoa amri zote mbili ndiye hakuleta pesa yote. Pengo halikubaki hewani. Liliangukia kwa msichana anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya "pesa ya chakula" au "pesa ya masomo ya ziada", kwa majina yote tuliyobuni ili tusiseme karo. Namba ya mwalimu isipolingana na ukweli, inaitwa ulaghai. Ya serikali isipolingana, inaitwa changamoto za kibajeti. Ya kwanza ina mpelelezi, ya pili ina msemaji.

Hapo ndipo ninapoona swali lenyewe. Tunapenda kuuliza: nani anasimamia pesa za shule? Majibu ni mengi. Wakaguzi wa Wizara, bodi ya shule, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, kamati za Bunge. Swali ambalo hatuulizi ni: hesabu hizi wanasomewa nani? Fuata karatasi. Kutoka shule inapanda ofisi ya kaunti ndogo, inapanda Nairobi, inaingia ripoti, ripoti inaingia Bunge. Kila hatua ni kwenda juu. Bibi aliye nje ya lango la shule, ambaye pesa ni ya mjukuu wake, hakuna siku karatasi inamshukia.

Mwaka 2009 tuliona matokeo yake vizuri. Ilipogundulika kwamba pesa za elimu ya bure zimeliwa Wizarani, Uingereza ilisimamisha msaada wake mwezi Desemba, wengine wakafuata, na baadaye serikali ikakubali kuwarudishia wafadhili pesa zao. Fikiria hilo polepole. Aliyeibiwa hasa alikuwa mtoto wa darasa la tatu aliyetumia kitabu kimoja na wenzake wanne. Aliyerudishiwa ni mfadhili, kwa sababu yeye ndiye alikuwa akisomewa hesabu. Anayesomewa hesabu ndiye anayeweza kudai.

Jirani zetu walijaribu njia nyingine. Uganda, katikati ya miaka ya 1990, uchunguzi wa shule kama 250 ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilitoa kwa matumizi ya shule za msingi, ni kama 13 tu zilizofika. Shule nyingi hazikupata kitu, na wazazi hawakujua hata kama kulikuwa na kitu cha kupata. Serikali ikaanza kutangaza magazetini pesa zilizotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichoingia. Kufikia 2001, kiasi kilichofika kilikuwa kimepita asilimia 80. Wasomi wamebishana tangu wakati huo ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti na kiasi gani kilitokana na mageuzi mengine ya utoaji wa pesa. Wabishane. Mimi kinachonivutia ni ile karatasi ya ukutani. Kwa mara ya kwanza hesabu ilishuka chini.

Na usiniambie wazazi wa huku hawataelewa. Hiyo naikataa kabisa. Mama wa Kericho anayepeleka majani kwenye kituo cha kununulia anajua kilo zake kabla mzani haujasema. Anachukua risiti, anaikunja, anaiweka. Bonasi ikitangazwa, atakwambia kiwanda gani kimelipa shilingi ngapi kwa kilo, na kwa nini cha kwao kimelipa kidogo. Mkulima wa kahawa wa Kipkelion ni hivyo hivyo: mteja asiyefaa kudanganywa ni yule aliyewahi kudanganywa na mzani. Watu hawa wanashindwa vipi kusoma ubao ulioandikwa: watoto waliopo 300, waliomo kwenye mfumo 260, pesa iliyoahidiwa hii, iliyofika hii, tarehe hii?

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki yangu ni hili, na najua si rahisi. Mwalimu mkuu wako awatoe wale 40 waliohama. Halafu aandike namba zote ukutani, nje, mahali ambapo bibi akija kuchukua mtoto ataziona. Arubaini wako hapa na serikali haiwajui. Majina asiweke, watoto wasiaibishwe, namba inatosha. Siku ya mkutano wa wazazi aisome kwa sauti, akiwa na chifu mbele na mwakilishi wa mbunge pembeni.

Rafiki yangu alicheka. "Na ofisi ikimuuliza nani alimruhusu?"

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, nilimjibu. Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni kutoka mjini. Yeye anajua kwamba kifungu hakimlindi mtu dhidi ya uhamisho wa ghafla kwenda shule ya mbali. Ana haki ya kunitazama hivyo. Ninamwomba mtu mwingine awe jasiri, nami nimekaa kwenye kompyuta.

Ndiyo maana sidhani mzigo huu ni wa mwalimu peke yake. Tulio mjini tuna mazoea: skendo ikitoka tunapiga kelele wiki moja, tunatengeneza meme, tunasonga. Wengi wetu tumesoma kwa pesa hizi hizi, na shule zile bado zina malango, na tunajua yalipo. Siku ukienda nyumbani, pita. Uliza waliopo ni wangapi na waliomo ni wangapi. Mwalimu akiulizwa na watu kumi, karatasi ya ukutani haitakuwa tena wazo lake la hatari. Itakuwa jibu tu.

Na yule bibi, akishaona kwamba mjukuu wake ni mmoja wa 40, si mmoja peke yake, huenda safari ya kutafuta cheti ikawa ya watu arubaini. Ofisi ya usajili ina njia nyingi za kumwambia mtu mmoja arudi kesho.