Anayeotesha na Anayesimamisha: Kimea katika Mizani ya Dini na Falsafa

Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikaanikwa na kusagwa kabla chipukizi lake halijawa mmea. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika nyumbani, bila shamba, bila jembe na bila kungoja masika, inazusha swali ambalo mkulima anaweza kumaliza umri wake bila kulikabili, nalo ni hili: anayeotesha ni nani? Surat al-Waqia, sura ya 56 ya Qurani, inawauliza wanaolima kama wao ndio waoteshaji au Mwenyezi Mungu ndiye mwoteshaji, na jibu la muumini linajulikana hata kabla swali halijakamilika. Lakini aya hizo kwa kawaida husomwa kwa kulifikiria shamba, ambako mvua, jua na wadudu haviko katika uwezo wa mtu, kwa hiyo si vigumu kukiri kwamba mwenye jembe amefanya sehemu ndogo tu. Jikoni hali ni nyingine. Maji hutoka ndooni, giza hutokana na kifuniko, joto hutunzwa kwa gunia, na siku ya kuchipua hujulikana mapema. Ikiwa kuna mahali ambapo mtu angeweza kudai kwamba ameotesha mwenyewe, basi ni hapo.

Swali hili si la vitabuni tu. Katika nchi ya Wazaramo na Wakwere, mahali kama Gwata, jina linalopatikana Kibaha na vilevile Kisarawe mkoani Pwani, Waislamu wa madhehebu ya Shafii ndio wengi, wakiishi pamoja na Wakristo, wakiwemo Walutheri ambao historia yao huko inaanzia kwa wamisionari wa Kijerumani waliofungua vituo Kisarawe na Maneromango mwishoni mwa karne ya 19. Na togwa, kinywaji cha uji uliolainishwa kwa kimea, hunywewa na watu wa dini zote mbili. Mtama au ulezi hupepetwa, huoshwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha hutandazwa kivulini na kufunikwa kwa gunia bichi au majani ya mgomba. Hunyunyiziwa maji siku mbili au tatu, hadi vimizizi vyeupe vishikane punje kwa punje na nafaka yote iwe tandiko moja linaloweza kuinuliwa kwa mikono miwili kama mkeka. Hapo huanikwa juani mpaka ikauke kabisa, hupukuchwa kwa viganja ili vimizizi vitoke, hupepetwa tena kwenye ungo, ndipo ikatwangwa au kusagwa.

Kinachotokea ndani ya punje wakati huo kinajulikana vizuri. Punje ina sehemu kuu mbili: kiini, yaani mmea mchanga uliolala, na akiba ya wanga iliyowekwa kwa ajili yake. Maji yakishaingia, kiini hutoa homoni iitwayo jiberelini, nayo huiamsha tabaka nyembamba inayozunguka wanga itengeneze vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya viumbe hai. Kimeng'enya kimojawapo, amilesi, huukatakata wanga uwe sukari, chakula cha kiini hadi kitakapopata majani ya kujitegemea. Anayetengeneza kimea huingilia kati hasa hapo, vimeng'enya vikiwa vimekwisha kuwa vingi na sukari nyingi ikiwa bado haijaliwa, akaunyima mmea maji na kuirithi mali yake. Mpishi wa togwa anaijua hali hii bila kuhitaji majina yake, kwa sababu hautii unga wa kimea katika uji unaochemka. Huuepua kwanza, akangoja upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, kwa kuwa moto mkali huviua vimeng'enya na uji ukabaki mzito vilevile. Ukitiwa kwa wakati wake, uji ambao mwiko ulikuwa ukisimama ndani yake hulegea mbele ya macho ya mpishi na kuwa wa kunywewa. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania kuhusu jambo hilihili: mtoto mdogo, ambaye tumbo lake halipokei uji mwepesi wa kumtosha kwa siku, anaweza kupewa uji wenye unga mwingi zaidi ukalainishwa kwa kimea kidogo. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ikaieneza njia hiyo, ambayo kwa kweli ilikuwa ni kuwarudishia wanawake wa vijijini ujuzi wao wenyewe ukiwa na vipimo.

Madai ya mwoteshaji wa nyumbani yanaanza kupungua hapo. Ukitazamwa kwa makini, mkono wa mtu uko mwanzoni, unapomimina maji, na uko mwishoni, unapoanika, katikati haupo. Punje iliyokobolewa hadi kiini kikatoka, au iliyokaangwa, haichipui hata ikilowekwa kwa maji ya mto Ruvu wote, na punje nzima haichipui kwa haraka kuliko mwendo wake hata mwenye nyumba akiwa na wageni wa kesho. Surat al-Anaam, katika aya ya 95, inamtaja Mungu kuwa mpasuaji wa punje na kokwa, mwenye kutoa kilicho hai katika kilichokufa, na sifa hiyo haigusi jembe wala mvua. Inagusa tukio lenyewe la kupasuka, ambalo jikoni hutokea kama linavyotokea shambani. Kwa hiyo kuondoa udongo hakumwongezei mtu mamlaka. Kunaondoa tu yale yaliyomfanya akiri kwa wepesi, na kumwacha na jambo lililo gumu kulidai.

Kuna ugumu, hata hivyo, katika neno la kufa. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anafundisha ufufuo kwa mfano wa mbegu ambayo sharti ife ndipo ipewe mwili mwingine, na Injili ya Yohana, sura ya 12, ina mfano unaofanana na huo. Msomaji wa leo aliyesoma biolojia anaweza kupinga kwamba mbegu iliyokufa kweli haioti, na kwamba ile inayoota ilikuwa hai siku zote, ikipumua kidogo kidogo ghalani. Pingamizi hilo ni sahihi lakini si zito kama linavyodhaniwa. Aristotle, katika kitabu chake juu ya nafsi, alikwisha kuiweka mbegu mahali pa tatu, kwamba ni mwili ulio na uhai kwa uwezo, si bado kwa tendo. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaupa mmea nafsi yake, nafsi ya mimea, yenye nguvu tatu za kujilisha, kukua na kuzaa. Kwa wote wawili punje kavu haiko upande wa jiwe wala upande wa mtama uliosimama shambani. Paulo hakuwa akitoa somo la mimea. Alikuwa akisema kwamba umbo la kwanza haliwezi kubaki pamoja na la pili, na hilo kimea kinalithibitisha, kwa kuwa wanga hauwi sukari bila punje kuharibika.

Ikiwa punje iliyochipua imetoka katika uwezo ikaingia katika tendo, basi anayeianika anaua, na hapa dini za Mashariki zina ukali ambao Uislamu na Ukristo hazina. Wajaini, ambao wameishi Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja na wana hekalu lao Mombasa, hufundishwa kuepuka kudhuru chochote chenye roho, na mafundisho yao ya jadi huhesabu chipukizi changa miongoni mwa vitu ambavyo mwili mmoja hubeba roho zisizo na idadi. Wanaoshika kwa ukali hawali choroko zilizooteshwa, ingawa dengu kavu iliyopikwa huila. Msimamo huo unastahili heshima kwa sababu umeiona tofauti ambayo wengine hupita juu yake. Lakini kwa mila za Kiislamu na za Kikristo mmea umeumbwa uwe chakula, na swali linalobaki si kama inafaa kuukatiza uhai wa chipukizi bali ni wakati gani na kwa uangalifu gani.

Uangalifu huo una sababu za mwilini kwanza. Chipukizi la mtama lina kemikali iitwayo dhurini, ambayo hutoa sianidi, sumu ileile inayofanya muhogo mchungu uhitaji kuvundikwa au kuanikwa. Kwa hiyo anayevutwa na desturi ya mijini ya kula mbegu zilizooteshwa zikiwa mbichi hana ruhusa ya kufanya vivyo hivyo kwa mtama, na ile kazi ya kupukucha vimizizi na chipukizi kwa viganja, inayoonekana kama ya usafi tu, huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kwa uji wa watoto ulezi ni salama zaidi. Kisha kuna vijidudu. Unyevu na joto vinavyoamsha kiini huamsha pia bakteria waliopo juu ya ganda, na mwaka 2011 huko Ujerumani chipukizi mbichi za uwatu, zilizotokana na mbegu kutoka Misri, ziliwaua watu zaidi ya 50 na kuwafanya maelfu waugue. Kimea cha jadi kina kinga mbili ambazo saladi haina: jua, na uji ambao bakteria wa asidi ya maziwa huuchachusha hadi vijidudu vya kuhara vishindwe kustawi, kama tafiti zilizofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 zilivyoonyesha.

Uchachu huohuo ndio unaofungua mlango wa sheria. Togwa ya siku ya kwanza ni tamu. Ya siku ya pili ina ukali mzuri ulimini. Ikizidi kukaa, hamira za hewani na za kwenye ganda la nafaka huichukua ile sukari na kuifanya kilevi, na kimea kilekile ndicho kinachopikiwa pombe ya mtama. Hakuna kilichoongezwa. Surat an-Nahl, aya ya 67, inataja kwamba katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kileo na pia riziki njema, yaani vitu viwili vyenye hukumu mbili hutoka katika asili moja, na kinachovitenganisha ni muda. Umar bin al-Khattab, khalifa wa pili, alipotaja mimbarini vitu ambavyo kileo hutengenezwa kwavyo alizihesabu ngano na shayiri pamoja na zabibu, tende na asali, akaongeza kwamba kileo ni kila kinachofunika akili. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 767, aliona vinywaji vya nafaka kuwa vyepesi kuliko mvinyo wa zabibu na hakukataza kiasi kisicholevya, lakini Pwani ya Afrika Mashariki ni ya Shafii, ambako kitu kinacholevya kwa wingi ni haramu hata kwa uchache. Kanuni hiyo haiikatazi togwa, kwa kuwa ile ya siku ya kwanza hata ikinywewa kwa pipa hujaza tumbo na kuacha kichwa mahali pake.

Linalofunza zaidi ni jinsi sheria ilivyohama kutoka kwenye chombo kwenda kwa mtu. Ujumbe wa kabila la Abdul-Qays ulipofika Madina, Mtume Muhammad aliukataza kuloweka tende au zabibu katika vyombo vya namna nne, kikiwemo kibuyu, chombo ambacho wanywaji wa togwa wanakijua sana. Sababu iliyotolewa na wanazuoni ni kwamba ndani ya vyombo hivyo kinywaji hugeuka upesi na mwenyewe asijue. Baadaye katazo hilo likaondolewa, vyombo vyote vikaruhusiwa, likabaki katazo la kulevya peke yake. Kibuyu kikaachiwa huru na macho ya mwenye nyumba yakafungwa kazini. Hadithi ya sahaba Ibn Abbas katika mkusanyo wa Imam Muslim inaeleza kwamba Mtume alilowekewa zabibu, akazinywa siku hiyo, kesho yake na siku iliyofuata, na jioni ya siku ya tatu kilichobaki hupewa mtumishi au humwagwa. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi katika madrasa za Pwani, alifafanua kwamba kama dalili ya kulevya haijaonekana hupewa mtumishi, na ikionekana humwagwa. Hukumu haisomwi katika tarehe pekee. Inasomwa katika povu, harufu na ladha, na anayeisoma ni yule aliyetia kimea.

Hivyo mgawanyo wa kazi unaonekana wazi zaidi kuliko shambani. Kuotesha si kwa mtu, wala kuchachusha si kwake, kwa kuwa vyote viwili hufuata mwendo ambao hakuupanga. Lake ni kusimamisha, na dini inamdai hesabu hapo. Akichelewa kuianika, chipukizi humaliza sukari na nafaka imepotea bure, jambo linaloangukia kwenye israfu, yaani ubadhirifu wa riziki. Akichelewa kuimaliza togwa, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu fikihi ya Shafii haimruhusu kuirudisha. Mvinyo uliogeuka siki wenyewe, bila kutiwa kitu, wanazuoni wa madhehebu hayo wanauhesabu kuwa umetwaharika, lakini uliogeuzwa kwa kutiwa chumvi au kitunguu haukutwaharika hata ukiwa na ladha ya siki. Sahaba Abu Talha alimuuliza Mtume kuhusu mvinyo waliorithi mayatima waliokuwa chini ya ulezi wake, kama angeweza kuufanya siki ili mali yao isipotee, akajibiwa hapana, aumwage.