Upepo Hauna Mwenyewe. Ardhi Je?

Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo. Yote ikizunguka kwa nguvu zake zote, inatoa megawati 310 za umeme, bila moshi. Mimi naishi Nairobi, na pengine umeme huo ndio unaochaji simu yangu. Ningependa hadithi iishie hapo.

Haiishii. Mradi ulipewa ekari 150,000 za malisho. Mwaka 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Mitambo tayari ilikuwa inazunguka. Sasa, umeme wa aina hiyo tuuite safi?

Marafiki zangu hunijibu haraka: bana, dunia inachomeka, na pale ni jangwa tu, hakuna kitu.

Hoja ya kwanza naiheshimu. Ukame ndio unaommalizia mfugaji mifugo, kwa hivyo hata yeye anahitaji tuachane na makaa ya mawe na dizeli. Lakini hiyo ya "hakuna kitu" inanikwaza. Ukienda kazini asubuhi, kitanda chako kinabaki kitupu huko kwa keja. Je, mwenye nyumba anaweza kukipangisha mpaka jioni, ati kwa sababu hakina mtu? Mturkana, Msamburu au Mrendille anaondoka akifuata mvua, akijua atarudi. Kuhama ndiyo njia yake ya kuitumia ardhi.

Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka serikali itunze maliasili na igawe faida zake kwa haki. Sisi hushangilia la kwanza, la pili tunalisukuma kesho.

Na ile haraka? Mitambo ilikamilika 2017, ikakaa zaidi ya mwaka bila kazi ikingoja laini ya kupeleka umeme Suswa. Kama tuliweza kungoja nguzo, tungeshindwaje kungoja idhini ya wenyewe?

Sisemi mitambo ing'olewe. Ukichukua gari la jirani bila ruhusa kumkimbiza mgonjwa hospitali, na mgonjwa apone, gari bado ni la jirani. Utamrudishia, utamwekea mafuta, na utakaa naye chini muongee. Mkifika hapo, yeye pia ana haki ya kutaja masharti yake. Mradi wa kijani unaofuata uanzie kwenye kikao hicho.