Je, Mgonjwa Aambiwe?

Chembe sahani ndizo zinazosaidia damu kuganda. Mgonjwa wa saratani ya damu akipungukiwa nazo anaweza kutokwa damu puani, kwenye ufizi, hata ndani ya ubongo. Basi huongezewa za mtu mwingine, na hapo ndipo penye taabu. Chembe nyekundu za damu hukaa kwenye jokofu zaidi ya mwezi. Chembe sahani zikiwekwa kwenye baridi, mwili wa mgonjwa huziondoa upesi. Kwa hiyo hutunzwa katika nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa polepole, kwa kawaida siku 5 tu. Joto hilo huwafaa pia bakteria walioingia na sindano kutoka kwenye ngozi ya mtoaji damu. Vitabu huliita joto la chumba. Aliyeliita hivyo hajalala Jebel mwezi wa Machi, jenereta ikiwa imezimwa.

Huko Kampala, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mifuko ya chembe sahani. Yenye bakteria haikufika 3 katika kila 100. Ni michache, lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani, mfuko mmoja unaweza kuua. Kuotesha bakteria ili waonekane huchukua siku nzima au zaidi, na anayetokwa damu hana siku hiyo.

Kwa hiyo siulizi kama apewe. Apewe. Nauliza kama aambiwe.

Wapo wanaosema asiambiwe: ataogopa, ndugu watakataa, naye atakufa kwa kukosa. Hoja hii ina uzito. Lakini inasahau nani anayekesha na mgonjwa. Katika wodi zetu muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Anayekaa kando ya kitanda usiku ni mama, dada au mjomba. Bakteria wakiingia mwilini, mgonjwa hutetemeka na kupata homa, mara nyingi mfuko ungali ukitiririka au saa chache baadaye. Mama asiyeambiwa atamfunika mwanawe shuka, akidhani malaria imerudi. Aliyeambiwa atamwita muuguzi afunge mrija.

Anayeletwa amezimia atundikiwe mfuko kwanza, maelezo wapewe ndugu watakapofika. Hapo sioni ugumu. Ugumu uko kwa yule aliyeelezwa, akaelewa, akasema hapana. Mimi ningemwomba mara ya pili, kisha ningenyamaza.